Intaneti ya kebo inakata kila jua likiwa kali na mvua ikinyesha: naomba tusaidiane kujua tatizo liko wapi

Mleta uzi, Upanga

Wakuu, habari za jioni.

Nina intaneti ya kebo nyumbani, hii inayokuja kwa waya mnene kama wa antena ya TV, siyo faiba. Kifurushi ni Mbps 20. Nakaa ghorofa ya tatu kwenye majengo ya zamani ya Upanga. Waya unatoka kwenye kisanduku kilichopigiliwa ukutani kule chini nje, unapanda na ukuta hadi dirisha la sebuleni, unaingia ndani mpaka kwenye modemu.

Mwanzo haikuwa na neno. Siku hizi asubuhi inakimbia vizuri, ila jua likishakuwa kali, kuanzia saa saba au saa nane mchana, inaanza: taa ya Online kwenye modemu inazimika, inapepesa dakika kadhaa, inarudi, inazimika tena. Jioni inatulia yenyewe. Mvua ikinyesha ndiyo balaa, inaweza kusumbua mpaka kesho yake. Muda wote huo simu inaonyesha wai-fai imejaa.

Huduma kwa wateja nikipiga naambiwa nizime modemu, nisubiri, niwashe. Nikiwasha inarudi, wao wanaandika tatizo limekwisha, lalamiko linafungwa. Mke wangu anafundisha hesabu kwa mtandao mchana, wazazi wamelipia, na darasa linakatika katikati ya swali. Jambo hili linatuumiza kwelikweli.

Sitaki kukimbilia kuhama mtoa huduma kabla sijajua ugonjwa uko wapi. Kama uko ndani ya nyumba yangu, nitahama nao. Jina la kampuni sitaji na naomba na nyie msitaje. Tukijua namna ya kutafuta, itamfaa hata mwenye kampuni nyingine.

Mdau wa Sinza

Mkuu badilisha ruta. Hizi wanazotoa pamoja na kifurushi zikipata joto zinachoka. Kariakoo zipo nzuri tu.

Mwanafunzi, Kijitonyama

Jaribu kubadilisha DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba) kwenye ruta, weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Kwangu ilisaidia kurasa kufunguka haraka.

Fundi wa Ilala

Wakuu, tusimtoe mtu hela kabla hatujapima. Nimefanya kazi za kebo muda mrefu na nimeona watu wakinunua ruta juu ya ruta wakati ugonjwa uko nje ya dirisha.

Mleta uzi, maelezo yako yana faida kubwa kuliko unavyodhani. Kwanza taa ya Online inazimika. Taa hiyo haijui habari za DNS wala wai-fai. Inaonyesha kama modemu inaongea na mtambo wa kampuni. Ikizimika, mazungumzo yamekatika kwenye waya. DNS ikiwa na shida taa inabaki imewaka, WhatsApp inaweza hata kuendelea, ila kurasa hazifunguki. Kwa hiyo ushauri wa mwanafunzi ni mzuri kwa ugonjwa mwingine.

Pili, mvua. Modemu iko sebuleni, mvua haiifikii. Joto la mchana linaweza kuichosha modemu kweli, mdau wa Sinza hajakosea hapo, lakini joto na mvua kwa pamoja vinanielekeza kwenye kiungo kilicho nje: konekta iliyolegea, iliyopata kutu, au waya ulioingia maji. Chuma kikipata joto kinatanuka, kiungo kilicholegea kinaachia. Usiku kinapoa, kinashika. Maji nayo yakishaingia ndani ya waya hayatoki kwa siku moja.

Tatu, wai-fai kujaa. Ile alama kwenye simu inakwambia nguvu ya signali kati ya simu na ruta basi. Haikwambii chochote kuhusu kinachoendelea baada ya ruta.

Sasa tupime kipande kwa kipande, tuanze ndani tutoke nje:

Chukua laptop, iunganishe kwa waya moja kwa moja kwenye modemu, wai-fai ya laptop uzime. Fungua madirisha matatu ya amri (Command Prompt). Ping ni kukiita kifaa na kusubiri kijibu. La kwanza andika ping 192.168.100.1, hiyo ndiyo anwani ya modemu yenyewe kwenye modemu nyingi za kebo. La pili ping anwani ya lango la kampuni, utaiona ukiandika tracert 1.1.1.1, ni ile ya kwanza inayotokea baada ya vifaa vyako. La tatu ping 1.1.1.1, anwani iliyo kwenye intaneti nje ya kampuni. Kwenye Windows ongeza -t mwishoni ili ziendelee zenyewe. Acha zikimbie mchana, muda ambao huwa inakata. Ikikata, angalia dirisha gani limekufa. Modemu ikijibu na lango lisijibu, tatizo liko kati ya modemu na kampuni. Lango likijibu na 1.1.1.1 isijibu, tatizo liko mbele zaidi, hata fundi akija kwako hataliona.

Halafu fungua 192.168.100.1 kwenye kivinjari, tafuta ukurasa wa signali, utuletee namba za Downstream, Upstream na SNR. Tuletee na kumbukumbu za matukio. Na muulize jirani anayetumia kisanduku hicho hicho kama naye anakatiwa dakika zile zile. Swali hilo moja linaokoa kazi nyingi.

Mdau wa Sinza

Sawa fundi, nakubali kuhusu mvua. Hilo sikuliwaza.

Mama wa Mikocheni

Naomba niulize hapa hapa kabla uzi haujaenda mbali. Mimi ni kebo pia, haikati kabisa, ila kuanzia saa mbili usiku video zinazunguka tu. Asubuhi mapema inapaa. Na jambo la pili: umeme ukikatika nawasha jenereta, modemu inawaka, lakini intaneti hakuna mpaka umeme wa TANESCO urudi. Nimeshanunua na betri ya modemu, haijasaidia.

Fundi wa Ilala

Dada, yako ni mawili tofauti na ya mleta uzi.

Hilo la usiku ni msongamano. Kwenye kebo nyumba nyingi za mtaa mmoja zinagawana uwezo wa laini ile ile. Saa mbili usiku watu wote wamerudi, kila TV inavuta video. Namba za signali kwako huenda ni nzuri kabisa. Pima kasi kwa waya saa kumi na mbili asubuhi na saa tatu usiku, siku kadhaa, uhifadhi picha za majibu. Ukiona tofauti kubwa kila siku muda ule ule, hakuna cha kubadilisha ndani ya nyumba. Kampuni ndiyo inatakiwa kuongeza uwezo au kuigawa laini ya mtaa. Wakikwambia uongeze kifurushi, waulize kwanza kama uwezo wa mtaa upo, maana kifurushi kikubwa kwenye laini iliyojaa hakikuongezei kitu usiku.

Hilo la jenereta wengi hawalijui. Njiani kwenye nguzo kuna amplifaya zinazoinua signali, na zinakula umeme. Zinalishwa kupitia waya ule ule kutoka kwenye kisanduku cha umeme cha mtaani. Kisanduku hicho kikikosa umeme na betri zake zikiwa zimekufa au hazipo, signali haifiki kwako hata kama nyumba yako inawaka taa zote. Uliza kampuni kama betri za njia yako zinafanya kazi. Faiba ya nyumbani kwa kawaida haina shida hiyo, kwa sababu njiani vigawanyio vyake havitumii umeme. Ukiwa na betri ya kifaa chako na mtambo wao una umeme, inaendelea. Kama mtaa wako unakatika umeme mara kwa mara, hiyo ni sababu ya haki ya kuhamia faiba.

Mama wa Mikocheni

Ahsante sana kaka. Hilo la kwenye nguzo hakuna aliyewahi kuniambia, na nimepiga simu nyingi.

Mleta uzi, Upanga

Fundi, shikamoo. Nimefanya kama ulivyosema.

Ping: ilipokata, modemu iliendelea kujibu, lango likafa pamoja na 1.1.1.1 kwa wakati mmoja. Ilitokea hivyo kila ilipokata.

Jirani wa ghorofa ya kwanza ana kampuni hiyo hiyo, kisanduku hicho hicho. Tulikaa naye kwenye simu wakati kwangu imekata. Kwake ilikuwa inaendelea.

Namba za mchana: Downstream chaneli za masafa ya chini zinasoma -9, za masafa ya juu zinafika -14. SNR ni 31 hadi 32. Upstream 53. Asubuhi zote zinakuwa bora kidogo, Upstream 51. Kwenye kumbukumbu kuna mistari mingi ya T3 na michache ya T4. Kinachonichanganya ni muda: mistari inasema 11:07, 11:15, wakati kwangu inakata mchana baada ya saa nane, siyo saa tano.

Mimi namba hizi sizielewi, ila nimepiga picha zote.

Fundi wa Ilala

Marahaba. Picha hizo zitunze kama risiti.

Tuanze na muda. Modemu yako inaandika saa za dunia, ziko nyuma ya Dar kwa saa 3. Kwa hiyo 11:07 ya modemu ni 14:07 ya hapa, yaani saa nane na dakika saba mchana. Ukimpelekea mtu wa kampuni kumbukumbu hizi, mwambie hivyo kabisa, asije akakujibu kwamba muda huo mtambo wake hauonyeshi kitu.

Downstream ni nguvu ya signali inayokujia, kwa kipimo cha dBmV. Napenda kuiona kati ya -7 na +7. Modemu inavumilia mpaka -15 kwenye karatasi, lakini ikiwa -14 hapo haina akiba; kikitokea chochote kidogo imekwisha.

SNR ni kiasi ambacho signali imeizidi kelele. Ikiwa 33 kwenda juu nalala usingizi. Yako 31 mchana, makosa lazima yawepo. Kama ukurasa wako una safu ya makosa yasiyorekebishika, nadhani utaiona inapanda kila ukiufungua upya.

Upstream ni kinyume, hapo namba kubwa ni mbaya. Ni nguvu ambayo modemu yako inatumia ili isikike kwenye mtambo. 35 hadi 48 ni sawa. 53 ni mtu anayepiga kelele toka ng'ambo ya barabara ya Morogoro na bado upande wa pili wanauliza umesemaje. Imefika karibu na mwisho wa pumzi yake. T3 maana yake modemu imetuma ujumbe wa kujitambulisha ikasubiri jibu, halikuja. Ikijaribu mara 16 bila kujibiwa, inaanza upya kila kitu, ndipo unapoona taa inapepesa. T4 ni kwamba imekaa kama nusu dakika bila hata kupewa nafasi ya kuzungumza.

Halafu ile tofauti ya -9 na -14. Maji ndani ya waya yanakula masafa ya juu zaidi kuliko ya chini. Waya mrefu pia unafanya hivyo kwa kiasi, ila wewe uko ghorofa ya tatu tu.

Jirani yako hakatiki. Maana yake mpaka kwenye kisanduku kuko salama. Tatizo liko kati ya kisanduku na modemu yako. Eneo limebaki dogo sana. Swali: kati ya dirisha na modemu, waya umekatwa popote? Kuna splita, yaani kigawanyio cha waya?

Mwanafunzi, Kijitonyama

Fundi samahani naingilia. Na mimi kifurushi ni Mbps 20, lakini nikipakua faili kompyuta inaonyesha 2.4 tu. Wananipunja?

Fundi wa Ilala

Hawakupunji kijana. Kampuni inahesabu kwa biti, kompyuta inaonyesha kwa baiti, na baiti 1 ni biti 8. 20 gawanya kwa 8 ni 2.5. Uko vizuri.

Mleta uzi, Upanga

Splita ipo fundi. Nyuma ya kabati la TV, ina mdomo mmoja wa kuingilia na miwili ya kutokea. Mmoja unakwenda kwenye modemu, mwingine ulikuwa wa TV ya kebo ambayo tulishaacha. Huo wa pili uko wazi, hauna kitu.

Fundi wa Ilala

Itoe. Splita ya njia mbili inakula karibu desibeli 3.5, inayokuja na inayokwenda. Na mdomo ulioachwa wazi unarudisha signali nyuma na kuokota kelele za nje. Nunua kiunganishi kidogo cha kike kwa kike, unganisha waya kwa waya, au kama urefu unatosha peleka waya wa nje moja kwa moja kwenye modemu. Kaza kwa mkono kisha spana namba 11 robo mzunguko, usizidishe. Zima modemu kwanza.

Ukimaliza namba zitasogea kama 3 na nusu. Zikisogea hivyo tu, bado una ugonjwa nje.

Mkazi wa Tabata

Nafuatilia. Mimi ni faiba, taa ya LOS imewaka nyekundu tangu jana. Hizi namba zinanihusu?

Fundi wa Ilala

Za dBmV hapana, za kwako zinapimwa kwa dBm na vifaa vingi vya nyumbani vinataka iwe kati ya -8 na -27 hivi. LOS nyekundu maana yake mwanga haufiki kabisa au umefika hafifu mno. Angalia ule waya mwembamba kama umekunjwa kwa nguvu nyuma ya meza, umebanwa na mlango au umetafunwa na panya. Ukiwa umekunjwa, uachie ujipinde kwa upana. Kichwa cha kijani usikichomoe ukakigusa kwa kidole wala kukifuta kwa shati, vumbi dogo linatosha kuziba mwanga. Na usichungulie mdomo wa waya, mwanga ule hauonekani kwa macho ila unadhuru. Kama ndani hakuna kitu, piga simu. Faiba iliyokatika nje haitibiki kwa kuzima na kuwasha.

Mkazi wa Tabata

Kweli, meza ilisogezwa juzi na mguu umeukalia waya. Nimeuachia, taa imezimika na intaneti imerudi. Mungu akubariki fundi.

Fundi wa Ilala

Amina. Ila waambie waje waubadilishe huo waya. Ulishaumia, unaweza kukusumbua tena.

Mdau wa Sinza

Swali la jumla: utajuaje kama ni kwako au ni nchi nzima? Nakumbuka Mei 2024 nilihangaika na ruta asubuhi nzima.

Fundi wa Ilala

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili. Kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu huko kusini upande wa Afrika Kusini, na hapa kwetu mitandao ikalala. Siku kama hiyo taa zako zote zinawaka vizuri, lango linajibu, ila vya nje ya nchi havifunguki au vinakwenda kwa kujikokota. Kipimo changu ni rahisi: jaribu data ya simu ya kampuni nyingine. Ikiwa nayo inasuasua, kaa utulie, siyo kwako. Na ukipima kasi, angalia seva iko wapi. Seva ya hapa hapa Dar inaweza kukupa Mbps 20 safi wakati njia ya Ulaya imekufa, kwa sababu kipimo hakijatoka nje ya nchi.

Mleta uzi, Upanga

Nimetoa splita. Downstream sasa -5 hadi -10, Upstream mchana 49. SNR 33 na nukta. T3 zimepungua sana, ila zipo. Jana jua lilikuwa kali na darasa lilikatika mara moja badala ya mara nyingi. Mvua bado haijanyesha kwa hiyo huko sijui.

Nimetoka pia dirishani kuangalia waya. Pale unapoingia ndani kuna kiungo, wameunganisha waya wa nje na wa ndani kwa konekta mbili na kuzungushia tepu nyeusi ya umeme. Tepu imeachia, gundi imeyeyuka. Konekta imeota unga wa kijani. Waya wa nje unashuka kutoka juu ya dirisha moja kwa moja kwenye kile kiungo. Nimepiga picha, sijagusa.

Fundi wa Ilala

Umefanya vyema kutogusa. Hapo ndipo penyewe.

Unga wa kijani ni shaba iliyoliwa. Upanga iko karibu na bahari, upepo unaleta chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu inakula viungo haraka. Konekta ya ndani ya nyumba ikiwekwa nje na kufungwa tepu ya umeme, jua la Dar linailegeza tepu, maji yanaingia, halafu tepu ile ile inayazuia yasitoke. Tena waya umeshuka kuelekea kiungo, kwa hiyo kila tone la mvua linafuata waya mpaka kwenye konekta. Waya ulitakiwa ushuke chini ya tundu kwanza, upinde, kisha upande kuingia ndani. Maji yanadondokea kwenye upinde, hayafiki kwenye kiungo. Ni kazi ya dakika moja siku ya kufunga, na ndiyo inayorukwa kila siku. Inaniuma nikiona hivi, maana mteja analipa kila mwezi kwa ajili ya sentimita 30 za waya ambazo mtu aliona uvivu kuziacha.

Kukata tu konekta na kuweka mpya haitoshi. Ukimenya waya, angalia ule wavu wa nyuzi chini ya ganda. Ukiwa mweusi au una unyevu, maji yameshatembea ndani. Rudi nyuma mpaka upate wavu unaong'aa. Usipoupata ndani ya mita moja, waya wote wa nje ubadilishwe. Mimi ningebadilisha wote toka kwenye kisanduku, waya wa kebo aina ya RG6 wa kutumika nje, kipande kimoja mpaka kwenye modemu bila kiungo dirishani. Konekta ziwe za kubana kwa koleo lake, zile za kuzungusha kwa mkono ziachwe. Na usikubali mtu azibe kwa silikoni ile yenye harufu ya siki. Asidi yake inakula shaba.

Waya huo wa kutoka kisandukuni ni wa kampuni, waje wafanye wao. Usifungue kisanduku, kina laini za majirani.

Ukipiga simu, usiseme "intaneti inasumbua". Sema hivi: "Upstream yangu mchana ilikuwa 53, baada ya kutoa splita ni 49, nina kumbukumbu za T3 na T4 kila mchana, jirani wa kisanduku hicho hicho hana tatizo, na nina picha ya konekta yenye kutu dirishani. Naomba fundi mwenye waya na kipimo, aje kati ya saa saba na saa tisa mchana." Muda ni muhimu. Akija saa tatu asubuhi atakuta iko sawa, atafunga lalamiko. Omba namba ya lalamiko, iandike.

Mama wa Mikocheni

Na wasipokuja?

Fundi wa Ilala

Dada, andika barua pepe kwa kampuni yenye namba ya lalamiko, tarehe ulizopiga na picha. Wakinyamaza au jibu lisipokuridhisha, peleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, makao yao ni Mawasiliano Towers, barabara ya Sam Nujoma. Watakachokuuliza kwanza ni kama ulianza na mtoa huduma, ndiyo maana ile barua pepe na ile namba zina uzito.

Mleta uzi, Upanga

Wakuu, mrejesho.

Nilipiga, nikasoma kama fundi alivyoniandikia. Yule dada wa huduma kwa wateja alinyamaza kidogo, akaniomba nirudie namba, kisha akasema ataniunganisha na watu wa ufundi. Ni mara ya kwanza sikuambiwa nizime na niwashe.

Fundi wao amekuja mchana. Kijana msikivu. Alipima kwenye kisanduku, akasoma +6, akapanda kupima kwangu dirishani, akatikisa kichwa. Alipomenya waya wa nje, wavu ulikuwa mweusi na kwenye kidole chake kukabaki maji. Alirudi nyuma mita nzima na bado mweusi. Hakubishana, amevuta waya mpya toka kisandukuni, kipande kimoja, ameacha upinde chini ya dirisha, konekta za kubana, na kule kisandukuni ameweka mpira wa kuziba.

Namba sasa, saa nane mchana jua la kutosha: Downstream +1 hadi 0, SNR 38, Upstream 42. Kumbukumbu hazina T3 mpya. Usiku wa kuamkia leo mvua imenyesha kubwa, modemu haikuzima. Darasa la leo limeisha lote.

Fundi wa Ilala, shukrani hazitoshi. Mke wangu anakusalimu, na wanafunzi wake wa kidato cha pili wamemaliza milinganyo.

Fundi wa Ilala

Nimefurahi sana. Andika namba hizo za leo kwenye karatasi, ibandike nyuma ya modemu pamoja na tarehe. Siku ikisumbua tena, utalinganisha na siku iliyokuwa nzima, na hilo ndilo watu wengi wanakosa.

Mdau wa Sinza

Fundi, na mimi nimefungua 192.168.100.1 kwa mara ya kwanza. Downstream +2, SNR 37, Upstream 44. Lakini chumbani intaneti hovyo, sebuleni safi.

Fundi wa Ilala

Waya wako ni mzima mkuu, hiyo ni wai-fai. Modemu iko wapi, na kuta za nyumba ni za tofali la aina gani?

Mdau wa Sinza

Sakafuni nyuma ya friji. Tofali za saruji za inchi 6, na kati kuna bafu lenye vigae.

Fundi wa Ilala

Itoe nyuma ya friji, hilo ni bati tupu. Ipandishe juu, usawa wa kichwa, kwenye korido kama waya unafika. Chumbani tumia GHz 2.4, inapenya ukuta vizuri kuliko 5, na chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani wameitumia kidogo. Isipotosha, vuta waya wa mtandao wa Cat5e mpaka chumbani na uweke kifaa cha pili cha wai-fai huko. Jaribu la kwanza kabla ya kununua chochote, utuambie.